Albamu Mbaya Hula Historia

Juzi nilifungua albamu yangu nikakuta heller ya Wajerumani ya mwaka 1904 imeota kutu ya kijani inayonata. Kosa langu: nilinunua kurasa laini za plastiki ya PVC, ambayo huila shaba.

Albamu za kiwandani zenye matundu yaliyopimwa hufuata nchi moja. Sarafu zetu zimepita tawala nyingi: heller 20 zilizogongwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, senti zenye tundu za Afrika Mashariki, shilingi ya Tanzania ya 1966. Basi chagua kurasa tupu zisizo na PVC, panga kwa miaka, andika ni utawala gani ulioitoa. Sarafu ni shahidi. Ikiliwa na kutu, wajukuu watamwuliza nani?