Boriti za Lamu

Katika zama ambazo majahazi ya Ghuba yalikuja kwa kaskazi yamepakia tende na chumvi, kisha yakarejea kwa kusi, shehena iliyojaza ngama zake mara nyingi ilikuwa ni boriti za mikoko, zilizokatwa katika vijito vya Lamu na katika delta ya Rufiji. Wakataji walizigawa kwa unene, kila daraja na jina lake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Na kwa kuwa boriti haistahimili dari pana, vyumba vya nyumba za mawe za Lamu vilijengwa virefu na vyembamba, mti ukimwamuru fundi.

Lakini biashara iliyodumu karne nyingi ilikata upesi kuliko msitu ulivyoota, hata mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Mkoko wenyewe hauwaachi wanawe hivi hivi: mche huota ungali tawini, ukirefuka taratibu, kisha hudondoka na kujichomeka topeni. Basi nasi, tuliorithi amana hii, hatuna udhuru wa kuwarithisha wajao tope tupu.