Miezi Minane, Saa Mbili: Kintinku na Historia ya Umbali

Kati ya viwanja vya ndege vya Dar es Salaam na Kigoma pana takriban kilomita 1,080 kwa mstari ulionyooka. Ukiuchora mstari huo kwenye ramani, utaona unapita karibu sana na Kintinku, wilayani Manyoni, mkoani Singida. Abiria hukaa angani kwa muda wa saa mbili hivi. Kintinku humpita chini bila yeye kujua.

Haikuwa hivyo daima. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Ujiji, jirani na Kigoma ya leo, Februari 1858. Safari hiyo ya miezi minane haikurefushwa na miguu na maradhi peke yake. Ugogo, ambayo Kintinku imo upande wake wa magharibi, ni nchi kame, na mbele yake ilitanda nyika ya Mgunda Mkali. Msafara usingeweza kuivuka bila kupata kwanza maji na chakula, na hivyo vilikuwa chini ya watemi wa Kigogo. Watemi walitoza hongo: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia kana kwamba ni unyang'anyi. Mimi naiona kuwa ni ushuru wa watu waliojua thamani ya mahali walipo. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa tu, na ndani yake tumezika kumbukumbu ya mamlaka yao.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Miezi ikawa siku. Kintinku ilipata stesheni, lakini uamuzi wa nani apite, asimame wapi na alipe nini ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwa wenyeji. Hata hivyo treni ilisimama, na palipo na kusimama pana kupanda, kushuka na kuuza.

Ndege haisimami. Imeyafupisha masafa kwa walio kwenye ncha mbili. Kwa mkazi wa Kintinku, Kigoma na Dar es Salaam ziko mbali kwa kadiri ya basi au treni atakayoipata.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na njia yake inaendelea kuelekea Makutupora, katika wilaya hiihii ya Manyoni. Tunaisifu kwa kasi yake, na inastahili. Lakini historia ya Kintinku inatudai swali la pili, ambalo watemi wasingelisahau: itasimama wapi, na aliye katikati ya njia atapata nini?