Ushguli

Ushguli ni jina la pamoja la vijiji vidogo vinne, Murkmeli, Chazhashi, Chvibiani na Zhibiani, vilivyofuatana karibu na chanzo cha Mto Enguri katika milima ya Kaukazi, kaskazini-magharibi mwa Georgia. Vipo kwenye kimo cha mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Shkhara, ambao kwa mita zake 5,193 ndio mrefu kuliko yote nchini humo. Wakazi ni Wasvani, na idadi yao ni kama watu 200. Vitabu vya wasafiri hupenda kupaita hapa makazi ya kudumu yaliyo juu kuliko yote Ulaya. Dai hilo halisimami, kwa kuwa Kurush, kijiji cha Dagestan upande wa Urusi, kimeipita Ushguli kwa mamia ya mita. Lenye uzito zaidi ni hili: theluji hufunika ardhi kwa karibu miezi sita ya mwaka, na barabara ya kilomita 45 hivi inayoshuka hadi Mestia, makao makuu ya wilaya, hufungwa mara kwa mara.

Nyasi na mifugo

Anayetaka kuyaelewa maisha ya Ushguli aanze na nyasi. Ng'ombe ndiye mhimili wa riziki: hutoa maziwa, jibini na nyama, na maksai hukokota mizigo. Lakini theluji ikishajaa hakuna pa kuchunga. Kwa hiyo kila familia hulazimika kukata, kukausha na kuhifadhi chakula cha mifugo cha nusu mwaka ndani ya majuma machache ya Julai na Agosti. Miteremko ni mikali mno kwa mashine, hivyo kazi hufanywa kwa mundu wa mpini mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili, wanaume wakisonga mbele kwa safu na wengine wakifuata nyuma kuzigeuza nyasi juani. Mvua ya siku mbili inaweza kuozesha kazi ya juma zima. Zikishakauka huteremshwa kwa chombo cha mbao kisicho na magurudumu, ambacho maksai hukiburuta hata wakati wa kiangazi, kwa sababu gari la magurudumu lingewashinda mteremkoni.

Malisho ya kiangazi ni tele. Hata hivyo, idadi ya ng'ombe ambao familia inaweza kuwafuga huamuliwa na nyasi zilizoingia ndani kabla ya theluji ya kwanza. Kiangazi kikiwa cha mvua nyingi, mtu huuza au huchinja mnyama kabla ya majira ya baridi, maana kumwingiza zizini bila chakula ni kumtesa.

Kilimo ni kidogo. Viazi hustawi, na shayiri pia. Mahindi hayakomai, na zabibu, fahari ya Georgia nzima, hazioti kabisa kwenye kimo hiki. Ndiyo maana Wasvani, badala ya divai, hutengeneza pombe kali ya nafaka. Mezani hupatikana viazi vilivyopondwa na jibini, na kubdari, mkate uliojazwa nyama iliyokatwa vipande na kukolezwa viungo.

Chumvi ilikuwa tatizo la zamani, kwa kuwa yote ilitoka nje ya milima. Mwaka 1930 mwongozaji Mikhail Kalatozov alitoa filamu bubu kuhusu Ushguli, akaifanya shida hiyo kuwa kiini chake. Ilikuwa filamu ya kuhubiri ujenzi wa barabara na siasa ya Kisovyeti, na yafaa itazamwe kwa tahadhari, ingawa picha zake za mavuno na minara hazina mfano. Leo mambo yamegeuka: chumvi ya Kisvani, iliyotwangwa pamoja na kitunguu saumu, uwatu wa buluu, giligilani na viungo vingine, hushuka kutoka milimani na kuuzwa katika masoko ya Tbilisi.

Nyumba na minara

Nyumba ya kale ya Kisvani ilijengwa kwa ajili ya majira ya baridi. Chumba cha chini, kiitwacho machubi, kilikuwa ukumbi mmoja wenye moto katikati, ambamo watu na mifugo waliishi pamoja, wakitenganishwa na ukuta wa mbao ambao mara nyingi ulinakshiwa kwa ustadi mkubwa. Msomaji anayeijua nyumba ya zamani ya Wachaga, yenye ng'ombe ndani, hatashangaa: mnyama alilindwa, na joto la mwili wake liliwafaa watu. Ghorofa ya juu, darbazi, ilihifadhi nyasi na zana, na familia ilihamia huko wakati wa kiangazi.

Kutoka ghorofa hiyo mlango ulielekea kwenye mnara. Minara, ambayo mingi ni ya karne za 9 hadi 12, huwa na ghorofa tatu hadi tano, na kuta zake hupungua unene kadiri zinavyopanda. Ilikuwa kimbilio wakati wa uvamizi na wakati wa kisasi baina ya koo. Sehemu hii iliitwa Svaneti Huru kwa kuwa haikuwa na mtawala wa kikabaila. Bila bwana wa kuamua, mauaji yalilipwa na ukoo, na amani ilitafutwa na wapatanishi wanaoheshimiwa na pande zote mbili. Chazhashi peke yake ina zaidi ya majengo 200 ya enzi za kati, yaani nyumba za minara, makanisa na ngome. Kijiji hicho kimehifadhiwa tangu 1971, na mwaka 1996 UNESCO iliiingiza Svaneti ya Juu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuhama na kurudi

Majira ya baridi ya 1986 hadi 1987 yalileta maporomoko ya theluji yaliyoua makumi ya watu Svaneti. Serikali iliwahamishia maelfu ya wakazi katika nyanda za chini, na familia nyingi za Ushguli zilikuwa miongoni mwao. Baadhi ya nyumba zilizofungwa wakati huo hazikufunguliwa tena. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika ilifuata miaka ya uporaji, na njia za Svaneti ziliogopwa hadi operesheni za polisi za 2004. Uwanja mdogo wa ndege ulifunguliwa Mestia mwaka 2010, na wageni wakaanza kumiminika. Wengi hutembea kwa miguu siku nne kutoka Mestia hadi Ushguli.

Utalii umeleta fedha ambazo jibini haikuweza kuleta, na si haki kuwalaumu wenyeji kwa kuupokea. Tatizo ni kalenda. Wageni huja Julai na Agosti, majuma yale yale ya kukata nyasi, na kijana mwenye farasi wa kukodisha hawezi kuwa mteremkoni na mundu. Familia kadhaa zimepunguza ng'ombe. Malisho yasiyokatwa huingiliwa na magugu na vichaka. Mawe ya minara yana sheria ya kuyalinda. Nyasi, zilizowawezesha wajenzi wa minara kuishi hapa, hazina sheria hiyo, na kwa maoni ya mwandishi huo ni upungufu mkubwa katika uhifadhi wa Ushguli. Nje ya Chazhashi, mabati na zege vimeshachukua nafasi ya mawe katika nyumba nyingi za wageni.

Shule ndogo ipo, nayo hufundisha kwa Kigeorgia. Kisvani, lugha ya ukoo mmoja na Kigeorgia, husemwa nyumbani na imeorodheshwa na UNESCO kuwa hatarini. Mariam Khatchvani, mwongozaji mzaliwa wa Ushguli, alitengeneza filamu yake Dede ya mwaka 2017 kwa lugha hiyo, na kuipigia hapo hapo.

Mwaka 2015 Georgia ilipitisha sheria ya maendeleo ya maeneo ya milimani, inayowapa wakazi nyongeza ya pensheni na nafuu ya bili ya umeme. Anayestahili ni yule anayeishi huko sehemu kubwa ya mwaka. Kwa mtu wa Ushguli, sharti hilo humtaka awepo pia wakati wa baridi, barabara ikiwa imefungwa.