Habari za Wahindi wa Tanga katika Mafundisho ya Shule

Ngamiani ni mtaa mkubwa wa Tanga, na jina lake lina neno ngamia pamoja na kiishio cha mahali. Njia ya reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, yautenga mtaa huo na upande wa bandari. Mtoto wa Ngamiani aendapo dukani humwita mwenye duka Mhindi, na hapo maarifa yake hukoma. Jina hilo moja laficha watu wengi, na yafaa mwalimu alifumbue.

Kwanza, watu hao si wa namna moja. Wako Waismailia, Mabohora na Wabaniani, ambao wengi wao asili yao ni Kachi na Gujarati; wako Kalasinga wa Punjabi; wako na Wagoa, waliokuja wakiwa Wakatoliki tayari. Lugha zao ni mbalimbali, na pengine Kiswahili ndicho kiwapatanishacho.

Pili, hawakuja kwa sababu moja. Wafanyi biashara walifuata pepo za msimu tangu zamani. Jamaa ya Karimjee walitoka Kachi wakakaa Unguja katika karne ya 19, na baadaye wakawa na mashamba ya katani Tanga. Mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, alikuwa Spika wa Bunge Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Wengine waliletwa kwa mkataba: kati ya 1896 na 1901 watu wapatao 32,000 waliletwa Mombasa kujenga reli ya Uganda, na wapatao 6,700 tu wakabaki. Tena wako waliokuja wasirudi kwao wala wasikae: askari wa Kihindi walioshushwa Tanga na Waingereza mwezi wa Novemba 1914, wakafa katika vita na Wadachi.

Basi, mwalimu aanzie wapi? Aanze na maneno. Laki, bima, gari, chapati: hayo yote yalitoka Bara Hindi, na mtoto huyatamka kila siku bila kuyaona kuwa mageni. Kisha awatume wanafunzi kwa wazee wa kila asili, wakaulize: Ulizaliwa wapi? Nyumbani mlisema lugha gani, na sokoni lugha gani? Nani alikuwa jirani yako? Wayaandike majibu kama yalivyosemwa. Wala wasimshurutishe mzee. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba mengi ya kupangisha, na Wahindi wengi wakahama nchi. Aliyebaki aweza kuwa na uchungu asiotaka kuutaja, na mpangaji wa zamani naye ana lake la kusema juu ya kodi. Yote mawili ni historia.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, aliyekwisha kushika kazi ya nyumba si mgeni tena. Lakini katika darasa moja aweza kuwako mtoto ambaye babu wa babu yake alizikwa Tanga, na wenzake wamwuliza, "Kwenu wapi?" Asipofundishwa jibu, atanyamaza, nao watadhani kunyamaza kwake ni kukiri ugeni. Kazi ya mwalimu ni kumpa mtoto huyo na wenzake habari za kweli, ili aweze kujibu pasipo haya kwamba kwao ni Tanga, na asili ya wazee wake ni Kachi. Wala neno moja halilifuti la pili.