Chaki, maksi na chuki: kisa cha mwalimu wa Eckville

Huku Kanada tunaendelea na baridi na zamu za wodini. Leo niwape historia kidogo ya hapa, hasa nyie mnaoshika chaki.

Katika jimbo la Alberta kuna mji mdogo uitwao Eckville. Mwalimu wa sekondari pale, James Keegstra, ambaye alikuwa pia meya, kwa miaka mingi alifundisha kwamba Wayahudi wanakula njama dhidi ya dunia, na kwamba mauaji waliyofanyiwa na Hitler wameyatunga ili waonewe huruma. Mwanafunzi akiyarudia hayo kwenye mtihani anapata maksi, asipoyarudia zinashuka. Wazazi wakalalamika, akafukuzwa mwaka 1982, na 1984 akashtakiwa kwa kueneza chuki makusudi.

Akajitetea kwamba katiba inampa uhuru wa kusema. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria ile ni halali, majaji 4 kwa 3. Wale watatu hawakuwa wanaipenda chuki, jamani. Waliogopa sheria pana itakuja kuwaziba midomo na wasiohusika.

Halafu kuna Malcolm Ross wa Moncton, New Brunswick. Huyu chuki yake dhidi ya Wayahudi aliiandika vitabuni, nje ya saa za kazi. Mwaka 1996 majaji wote walikubali aondolewe darasani, kwa sababu mwalimu ni kioo cha jamii na watoto wa Kiyahudi wasingejisikia salama shuleni. Lakini walikataa amri ya kumzuia kuandika akipewa kazi nyingine isiyo ya kufundisha.

Hapo ndipo naona busara. Mtaani ukinitukana naondoka zangu. Mtoto hawezi kuondoka darasani, sheria inamlazimisha kukaa, na kalamu ya maksi unayo wewe. Ni kama mgonjwa wangu kitandani: maoni yangu juu ya kabila au dini yake hana pa kuyakimbilia.

Wengine husema elimu huru maana yake mwalimu aseme lolote. Mimi naona uhuru ule ni wa mwanafunzi kwanza: aulize, abishe, na asipoteze maksi. Kuwasomesha watoto historia ya chuki ni wajibu. Kuwadai waiamini ndiyo mpaka.

Je, walimu wetu, nyie mpaka mngeuweka wapi? Nisalimieni wote.