Mizani ya Pamba: Ushirika Ulivyowalea Viongozi wa Uchumi Kabla ya Uhuru

Kila inapofika 9 Desemba huwa tunawakumbuka waliotuletea Uhuru mwaka 1961. Hotuba zetu hutaja TANU, mikutano ya hadhara, safari za kwenda Umoja wa Mataifa na kura zilizopigwa. Hayo yote ni ya kweli na watoto wetu wanapaswa kuyajua. Lakini kuna shule nyingine iliyowalea viongozi wa Tanganyika, nayo hatuitaji mara nyingi. Shule hiyo ni vyama vya ushirika vya wakulima.

Tazama baraza la mawaziri lililoundwa Septemba 1960, miezi kumi na tano kabla ya Uhuru, chini ya Mwalimu Julius Nyerere. Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Ushirika alikuwa Paul Bomani, kutoka ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa George Kahama, kutoka ushirika wa kahawa wa Bukoba. Waziri wa Biashara na Viwanda alikuwa Nsilo Swai, kutoka ushirika wa kahawa wa Meru. Baadaye akaongezeka Jeremiah Kasambala, aliyetoka ushirika wa Rungwe. Watu hawa walikuwa vijana. Bomani alizaliwa 1925, Kahama 1929. Hawakurithi mashamba makubwa wala maduka ya baba zao. Je, walijifunzia wapi kusimamia fedha za maelfu ya watu?

Jibu linaanzia mlimani Kilimanjaro. Mibuni ililetwa huko na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wachagga wengi walikuwa wameanza kuipanda katika vihamba vyao. Walowezi wa Kizungu hawakufurahia. Walitaka Mwafrika awe kibarua katika mashamba ya kahawa, asiwe mwenye shamba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, wakiongozwa na Joseph Merinyo, ili kulinda haki yao ya kulima zao hilo, kupiga dawa dhidi ya wadudu na kuuza kwa pamoja.

Chama kile hakikudumu. Kiliyumba kifedha na kikaingia katika misukosuko na serikali. Wakulima wangeweza kusema kwamba ushirika umeshindikana, kila mtu auze kahawa yake anavyojua. Badala yake, sheria ya vyama vya ushirika ya 1932 ilipopita, waliingia katika mpango mpya, na mwaka 1933 ikaandikishwa KNCU. Hata hapo mambo hayakuwa mepesi. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, bei ya kahawa ikashuka, na mwaka 1937 baadhi ya wakulima waliandamana kwa hasira kwa sababu walilazimishwa kuuza kwa ushirika peke yake. Meneja wa kwanza alikuwa Mwingereza, na makarani wa Kichagga walikuwa wakijifunza kazi chini yake. Ilichukua miaka mingi kabla chama hicho hakijawa fahari ya Moshi, chenye jengo lake kubwa mjini na uwezo wa kusomesha vijana. Anayeliona jengo lile leo aikumbuke pia miaka ile ya kuanguka na kuinuka.

Kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wasukuma na majirani zao, hadithi ni ya pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima walizidi kulima pamba, lakini ununuzi ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara na wenye viwanda vya kuchambulia pamba. Mkulima alibeba mzigo wake hadi kituo cha kununulia, akasubiri foleni, akauweka kwenye mizani ambayo hakuweza kuisoma, kisha akaambiwa uzito wake na fedha yake. Manung'uniko ya kupunjwa yalikuwa kila mahali.

Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista, alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Akiwa katika kazi hiyo alitembea vijijini na kusikiliza wakulima. Yeye na wenzake wangeweza kuanza kwa kudai viwanda. Walianza kwa mizani. Wakulima walichanga fedha, wakaweka mtu wao anayejua kusoma namba asimame penye mizani na kuhakiki uzito wa kila mzigo. Kijana yule wa kupima hakuwa na cheo kikubwa, lakini kijiji kizima kilimtegemea. Akisema kweli, mkulima anapata haki yake. Akihongwa, kila kitu kinaharibika.

Kutokana na vikundi hivyo vidogo vikazaliwa vyama vya msingi vilivyoandikishwa kisheria, vikaanza kununua pamba wenyewe. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, makao yake makuu Mwanza, Bomani akiwa meneja mkuu wake. Hakuwa ametimiza hata miaka 31. Ilipofika 1959, zao lote la pamba la eneo hilo lilikuwa linanunuliwa kupitia ushirika, na shirikisho lilikuwa limeshaanza kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. VFCU ikahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani kote. Haya yote yalitokea katika miaka ambayo serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha TANU huko Usukuma, tangu 1954 hadi 1958. Mikutano ya siasa ilizuiwa, lakini mkutano wa kusoma hesabu za pamba uliendelea, na watu walijifunza humo kuchagua viongozi, kuwahoji na kuwaondoa.

Hapa ndipo historia hii inapotugusa sisi tunaoishi Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bomani na Kahama walikuja kusoma katika Chuo cha Ushirika kilichokuwa Stanford Hall, karibu na Loughborough. Walisoma uongozi wa vyama vya ushirika, mtindo uliokuzwa na wafanyakazi wa Kiingereza waliochoka kupunjwa madukani. Kila mmoja alirudi kwao: Kahama akaja kuwa meneja mkuu wa ushirika wa Bukoba, Bomani akaendelea na pamba. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Bomani akawa Waziri wa Fedha, na katika miaka ya 1970 akawa balozi wetu Marekani. Kahama aliongoza Shirika la Maendeleo la Taifa na, miaka ya baadaye, juhudi za kuvutia wawekezaji nchini. Chuo kile hakipo tena pale. Stanford Hall leo ni kituo cha kuwatibu wanajeshi waliojeruhiwa. Lakini wale miongoni mwetu wanaoishi Leicester na Nottingham wajue kwamba, si mbali na nyumbani kwao, palisomewa sehemu ya uongozi wa uchumi wa Tanganyika huru.

Tuseme pia upande wa pili, kwa sababu watoto wetu wakisimuliwa ushindi peke yake hawatajifunza kitu. Baada ya Uhuru vyama vya ushirika viliongezeka haraka kuliko idadi ya watu waliofunzwa kuviongoza. Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu, kilianzishwa 1963 ili kuziba pengo hilo, lakini mahitaji yalikuwa makubwa. Wakulima wakaanza kulalamika tena kuhusu mizani, safari hii mizani ya chama chao wenyewe. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza ushirika. Ilikuta wizi, upendeleo katika kuajiri na wanachama wasioelezwa fedha zao ziko wapi. VFCU yenyewe ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali na kuundwa upya. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Mambo hayakuwa bora, na sheria ya 1982 ikarudisha ushirika.

Ukiisoma historia hiyo yote kwa pamoja, utaona kwamba mtaji haukuwa ndio tatizo kuu. Mwanzoni mtaji haukuwepo na kazi ilifanyika. Baadaye kulikuwa na majengo, magari na viwanda, na kazi ikalegea. Kilichobadilika ni mwenendo wa watu penye mizani na penye daftari.

Basi tunachoweza kuwafundisha vijana wetu ni nini? Kwanza, kuanza na kazi iliyo karibu na kuifanya kwa usahihi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Karani wa Mwadui alijifunza kutunza kumbukumbu kabla ya kuongoza shirikisho. Kijana anayefanya kazi ya Jumamosi dukani, akijua kufunga hesabu za jioni bila senti kupotea, ameshaanza shule ile ile.

Pili, kuhesabu mbele ya watu. Nguvu ya vyama vya mwanzo ilikuwa mkutano ambapo mkulima asiyejua kusoma angeweza kusimama na kuuliza, "Fedha yetu ya msimu uliopita imekwenda wapi?" Kiongozi alipaswa kujibu bila kukasirika. Mtu asiyezoea kuulizwa akiwa mdogo huona swali kuwa tusi akiwa mkubwa, na wengi wetu tumeona biashara za familia na vikundi vya kuchangiana vikivunjika kwa sababu hiyo hiyo.

Tatu, kutokimbia pale jaribio la kwanza linapoanguka. Kutoka KNPA ya 1925 hadi KNCU ya 1933 ni miaka minane. Kutoka chama cha wafanyabiashara cha Mwanza mwaka 1947 hadi kununua zao lote la pamba ni miaka 12. Kijana anayefungua biashara leo na kuifunga baada ya miezi sita kwa sababu wateja ni wachache aambiwe tarakimu hizi. Aambiwe pia kwamba kuvumilia hakukuwa kurudia kosa lile lile. Waliporudi mara ya pili walirudi na sheria, vitabu vya hesabu na watu waliofunzwa.

Tukumbuke vilevile kwamba majina yaliyobaki katika vitabu ni ya wanaume, lakini pamba na kahawa vilichumwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wanawake, ambao mara nyingi hawakuwa wanachama walioandikwa. Hilo ni pengo ambalo kizazi chetu hakina sababu ya kulirithi. Binti zetu wawe watu wa kushika daftari, na wahesabiwe.

Katika jumuiya zetu za ughaibuni tuna desturi nzuri ya kuwapandisha watoto jukwaani siku ya Uhuru wacheze ngoma na kuimba wimbo wa taifa. Tuongeze jambo moja. Kila jumuiya ina mfuko wake: wa misiba, wa sherehe, wa wageni waliokwama. Mara nyingi mfuko huo huwa mikononi mwa wazee wale wale kwa miaka kumi, na vijana huusikia tu unapotokea ugomvi. Tuwape vijana wawili, msichana na mvulana, kazi ya naibu mweka hazina kwa mwaka mzima. Wahudhurie benki, waandike stakabadhi, wapigie simu wanaochelewa kutoa ada. Mwisho wa mwaka, wao ndio wasimame mkutanoni wasome mapato na matumizi, na wazee waulize maswali kama wanavyouliza watu wazima wenzao.

Watatetemeka mara ya kwanza. Huenda watakosea kujumlisha na tutawarudisha wakahesabu upya. Ndivyo walivyofundishwa wapima mizani wa Usukuma. Wengine wao hawakuendelea mbali zaidi ya kijiji chao, na wachache wakafika hadi wizarani. Wote walianza kwa kusimama penye mizani na kutaja uzito ulio wa kweli.