Okwi na Miquissone: Simba ilipowarudisha mastaa wake

Wadau, hata huku Ras Kisimani ukitaka ubishi usioisha, taja Okwi. Mganda huyu alifunga mawili Simba ilipoichapa Yanga 5-0 mwaka 2012. Januari 2013 akauzwa Etoile du Sahel ya Tunisia, na Desemba, jamani, akatua Jangwani kwa watani! Simba ikamrudisha 2014, akaenda Denmark 2015, wakamchukua tena 2017. Msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora, mabao 20, na ubingwa ukarudi Msimbazi.

Sasa Luis Miquissone. Aliitungua Al Ahly 2021, wakamnunua. Akarudi Simba 2023, makali hayakuonekana tena, 2024 akaondoka.

Mimi naangalia jamaa katokea wapi. Okwi alipitia kwanza SC Villa ya kwao, akafunga. Luis alikosa namba Misri.